Hodi kwenye Chumba Kisicho na Ukuta

Rubens Kyungu alipanda kilima cha chuo kikuu asubuhi ile kwa sababu moja tu: kule chini, sokoni, kulikuwa na watu waliokuwa wanamtafuta, na kila mmoja wao alikuwa na sababu nzuri. Huku juu hakuna aliyemjua. Akakaa juu ya rundo la matofali ya kuchoma, akafuta jasho, akainua macho. Na Mungu, ambaye hulisha hata kunguru, akamwonyesha fondasyo.

Ilikuwa fondasyo safi kabisa, msingi wa jengo. Mawe na simenti vimetoka ardhini mpaka kwenye goti, vimeigawa ardhi vyumba vyumba, safu mbili na kijia katikati. Ukuta hakuna. Paa hakuna. Fundi hata wa dawa hakuna. Majani yalikuwa yameanza kuota kwenye chumba cha kwanza, na kwenye chumba cha tatu mbuzi alikuwa amelala usingizi mzito kama mwanafunzi aliyeshiba.

"Papa, hii njo nini?" Rubens akamuuliza sentineli, mlinzi wa mahali pale, mzee Omer, aliyekuwa na redio yake sikioni.

"Homu. Nyumba ya kulala wanafunzi," Omer akajibu. "Ile ya zamani iko kule chini, ziwa liliingia ndani. Wakaanza hii. Halafu feza ikakatika, mafundi wakarudi kwao."

"Watarudi lini?"

"Ukipata habari, na mimi uniambie."

Habari ya ziwa kila mtu Kalemie anaijua. Lilipanda, likaingia kwa watu bila kupiga hodi, likakaa. Wanafunzi waliokuwa wanapanga kule ufukweni walionekana barabarani na magodoro kichwani, wakitafuta pa kulala. Na wenye nyumba za juu, ambao zamani walikuwa watu wa kusali sana, wakagundua kwamba hata jikoni kunaweza kupangishwa.

Rubens alinyamaza. Wanaomfahamu wanasema Rubens akiongea, ucheke naye. Akinyamaza, ushike mfuko wako.

Mtu mwingine angetafuta namna ya kutangaza kwamba anauza vyumba. Huyo angekuwa mjinga. Katika mji wetu hakuna anayeandika kwenye nyumba kwamba inauzwa. Kinachoandikwa ukutani, kwa herufi nyekundu, ni kwamba HAIUZISHWE, kwa sababu kuna ndugu, au shemeji, au mtoto wa marehemu, ameanza kuiuza kwa siri. Basi mpita njia akisoma maneno yale hamfikirii mwenye nyumba. Anajiambia: kumbe hapa kuna mtu anayeuzisha! Yuko wapi? Na kama anauzisha kwa kujificha, basi bei ni nzuri.

Rubens akamwomba Omer kopo la rangi nyekundu ambalo mafundi waliliacha. Akainama mbele ya fondasyo, akaandika kwa mwandiko mzuri aliofundishwa shuleni na masista: VYUMBA HIVI HAVIUZISHWE. NI AMRI.

"Lakini Papa," Omer akasema, "hakuna muntu anaviuzisha."

"Njo maana ninaandika mapema. Ninalinda mali ya watoto wetu."

Omer alimshukuru sana, kwa mikono miwili.

Kesho yake Rubens alikuja na kaske ya njano, kofia ngumu ya mafundi, kichwani na utepe wa kupimia mkononi. Akawa anapima hewa, kwa uangalifu mkubwa, na kutikisa kichwa kila alipopata jibu. Hakukaa sana. Papa Barthélemy akafika akitweta.

Papa Barthélemy alikuwa na nyumba za kupangisha. Tatu ziwa lilizimeza. Zilizobaki aliwajaza wanafunzi kama ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye gunia, na usiku alikuwa akiwaza: homu ikiisha, watoto hawa watanikimbia. Halafu akapata wazo lililomfanya atabasamu gizani: mimi nikiwa na vyumba ndani ya homu, nitawapangishia watoto wale wale.

"Jambo, Injenyeri."

"Jambo, Papa. Tafazali utoke hapo. Unasimama ndani ya ukuta."

Barthélemy akaruka pembeni, akaomba samahani kwa ukuta.

"Nimesoma pale. Kumbe haviuzishwe."

"Haviuzishwe."

"Ata kidogo?"

"Ata kidogo, Papa. Ni amri."

Barthélemy akatazama kushoto, akatazama kulia, akamtazama mbuzi, akaona mbuzi hana neno.

"Na yule mwenye kuviuzisha," akauliza kwa sauti ndogo, "anapatikana saa ngapi?"

Rubens akakunja utepe wake polepole, kama mtu anayetubu. "Papa, weye ni muntu wa heshima. Siwezi kukudanganya. Kuna vyumba vinne tu. Vinaangalia ziwa, ni vizuri sana."

"Ziwa? Hapana! Mimi na ziwa tumeshaonana. Unipe vya upande wa mulima."

Feza taslimu Papa Barthélemy hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni mabati. Alipoona maji yanakuja alipanda mwenyewe juu ya zile nyumba zake tatu akayabandua yote, wakati wapangaji wake bado wamo ndani. Rubens alikubali mabati. Alikuwa mtu wa huruma.

Aliyefuata alikuwa Mama Hélène wa Zongwe, kijiji cha wavuvi, mchuuzi wa ndagala, mama mfupi mwenye sauti ya kuita bwato lililo mbali ziwani. Aliongozana na binti yake Rosine, mwaka wa kwanza wa agronomia. Mama Hélène hakujificha wala kunong'ona.

"Wanasema weye njo unatoa chumba. Ninataka kimoja, cha huyu. Analala jikoni kwa shangazi yake, anasoma ndani ya moshi, macho yamekuwa mekundu kama ya mulevi. Nimeshusha bandarini ndagala zote za musimu. Magunia yale njo minerval yake, feza ya masomo, njo chakula chake, njo kila kitu. Yakipotea, anarudi na mimi Zongwe kuanika samaki kwenye muchanga. Umesikia, Injenyeri?"

"Nimesikia, Mama." Rubens alisikia kitu kikimchoma kidogo kifuani, akafikiri ni njaa.

"Magunia yote ni mengi. Ninakupa nusu leo, nusu siku mutoto atalala ndani na paa juu."

"Sawa, Mama."

"Na dirisha liwe kubwa."

"Kubwa, Mama."

"Na unichagulie kile cha mwisho, mbali na choo."

"Ni chako, Mama."

Mama Hélène akamtazama kidogo, akamshukuru, akaenda zake. Rosine alimfuata nyuma akigeuka-geuka kutazama chumba chake, pamoja na majani yake na mbuzi aliyekuwa amehamia humo.

Jioni ile Rubens alikuwa na magunia ya ndagala na rundo la mabati, vyote vimefungiwa kwenye depo karibu na bandari. Meli ya kwenda Kigoma, ambayo angeondoka nayo na mali ile, ilikuwa inapakia. Ingeondoka lini? Ingeondoka ikijaa, kama kawaida ya meli. Rubens aliwaza: nusu ya pili ya Mama Hélène, nitamwachia, mimi si mlafi. Lakini kuna yule baba wa Kongolo aliyeulizia chumba cha pembeni. Nitapanda mara moja tu, nimalize naye, nishuke, niseme kwaheri.

Hapa njo Rubens alipokosea, na ni kosa la mtu wa hapa hapa.

Katika mji wetu mtu akinunua kiwanja, halali tena nyumbani kwake. Siku ile ile anaweka mtu pale: mpwa, bibi, hata kiti chenye koti juu yake. Anapanda mihogo. Anafunga mbwa. Asipofanya hivyo, kesho kiwanja kitauzwa kwa mwingine, na keshokutwa kwa wa tatu. Rubens alijua hayo kuliko mtu yeyote, maana wale waliokuwa wanamtafuta sokoni alikuwa amewauzia wote kiwanja kile kile kimoja. Ila alijiambia kwamba hayo ni mambo ya viwanja. Nani atalinda chumba kisicho na ukuta?

Wote.

Alipofika juu alikuta homu imejaa. Upande wa mlima, mama mkwe wa Papa Barthélemy alikuwa ameketi kwenye kiti katikati ya chumba cha kwanza, ameshika fimbo. Kwenye chumba cha pili kulikuwa na shemeji amelala. Cha tatu, kuku. Cha nne, Papa Barthélemy mwenyewe akinywa chai. Na kule mwisho, Mama Hélène alikuwa amesimamisha vijiti viwili mahali ambapo mlango ungekuwa, akatundika kitenge kama pazia, na ndani alikuwa anasonga bukari. Rosine alikuwa kwenye godoro, anasoma.

Rubens akainua mguu, akavuka fondasyo kuingia.

"Ee! Ee! Unapita wapi?" Mama Hélène akapiga kelele. "Unaingia kwa muntu kwa kupita ndani ya ukuta, kama muchawi?"

Rubens akarudisha mguu. Akazunguka, akasimama mbele ya pazia.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni miye, Mama. Injenyeri. Mama, unaniona."

"Ninaona pazia tu. Karibu."

Aliingia. Hakupata hata kukaa. Papa Barthélemy alikuwa amesimama chumbani kwake, anafoka.

"Mama wa Zongwe! Moshi wako unapita kwenye ukuta, unaingia kwenye chai yangu!"

"Ukuta gani, Papa?"

"Njo ninauliza na mimi! Ukuta gani?"

Wote wakageuza nyuso, pamoja na mama mkwe na kuku, wakamtazama Rubens.

Rubens alifungua kinywa. Kwa kawaida akifungua kinywa maneno huja yenyewe. Safari hii Mama Hélène alimtangulia, akamvuta pembeni, akamwekea bukari na sombe, mboga ya majani ya mihogo, mbele yake.

"Injenyeri, ule. Nina habari. Kule Zongwe kuna wazazi wengine, watoto wao wamepangishiwa majikoni kama wangu. Watakuja na bwato kubwa, limejaa magunia. Yangu si kitu mbele ya yale."

Tonge la Rubens likasimama njiani. "Limejaa?"

"Maji yanabakisha vidole viwili kuingia. Lakini unajua watu wa ziwa, ni wagumu. Wamesema: Hélène, tutahama na mali yetu siku tutasikia umeona ukuta."

"Ukuta mumoja?"

"Mumoja tu, Injenyeri. Wa kuonyesha."

Matofali yalikuwapo, mafundi walipatikana, na mafundi wa Kalemie hawakatai kulipwa ndagala. Rubens alishuka depo, akatoa gunia moja. Moja si kitu. Ukuta ukasimama. Fundi mkuu akauzunguka, akatikisa kichwa.

"Injenyeri, ukuta peke yake unaanguka. Unahitaji wa kuushika huku, na wa kuushika huku. Weye unajua kuliko miye."

"Ninajua," akasema Rubens, kwa huzuni.

Gunia la pili. La tatu likaenda dukani, likarudi limekuwa simenti. Zongwe wakatuma salamu: wamefurahi kusikia habari ya ukuta, wameanza kufunga magunia, ila wazee wanauliza kama kuna madirisha. Madirisha yakawekwa. Zongwe wakashukuru, wakauliza habari ya milango. Kila gunia lililotoka depo, Rubens aliliaga kama mtu anayesindikiza ndugu: nenda, utarudi na wenzako.

Siku za Jumamosi wanafunzi walikuja salongo, kazi ya pamoja, wakaimba, wakapanda na ndoo za maji kichwani. Rosine alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kushuka. Mzee Omer aliacha redio, akashika koleo. Na Rubens, siwezi kuwaficha, alianza kuharibika. Mikono ikamtoka malengelenge. Siku moja alimwona fundi akipanga tofali upande, akamfokea: "Unafikiri nani atalala hapo, mbuzi?" Akajisikia mwenyewe, akashtuka, akatafuta pa kukaa.

Meli ya Kigoma ilijaa siku alipokuwa juu ya ukuta ameshika kamba. Ililia mara ya kwanza. Ililia tena. Toka kule juu unaona bandari yote, na Rubens aliona meli inajitenga na gati taratibu, inageuka, inaelekea ng'ambo.

"Injenyeri! Kamba!" fundi akaita. "Usipoikaza, paa litakuwa pinda!"

Akaikaza. Alijiambia ipo nyingine.

Paa lilihitaji mabati. Rubens hakulala siku mbili akitafuta njia nyingine, hakuiona. Mabati yakapanda kilima, na Papa Barthélemy alipoyatambua, kila tundu na kila kutu, machozi yalimlenga. "Muone Injenyeri huyu!" akawaambia watu. "Nilifikiri atayauza. Kumbe ni muntu wa kweli!" Rubens akainamisha kichwa. Watu wakasema ni mnyenyekevu.

Depo ikabaki tupu. Panya wenyewe walihama. Lakini paa lilikuwa juu, na Mama Hélène akasema, "Bwato liko njiani." Rubens akaoga, akavaa kaske yake na shati jeupe aliloazima kwa Omer, akasimama mlangoni mwa homu kama bwana harusi.

Bwato lilifika kweli, na lilikuwa limejaa kweli. Magunia yakapanda kilima kwenye vichwa vya wanafunzi, msururu mrefu, na wazazi nyuma yao wakiimba. Gunia la kwanza likampita Rubens, likaingia chumba cha kwanza. La pili likampita. La tatu akalishika.

"Tua hapa, mutoto. Ndagala zinawekwa kwangu."

"Ndagala gani, Papa?"

Akafungua. Ndani kulikuwa na shuka, sufuria, unga wa mihogo, viatu vya kanisani na picha ya bibi. Akafungua lingine: mto, ndoo, vitabu. Nyuma yake mtu akakohoa. Alikuwa Mama Annie, mkubwa wa biro, yaani ofisi, ya makazi ya wanafunzi, na pasta pembeni yake na maji ya baraka.

"Wazazi," Mama Annie akaanza, na watu wakanyamaza. "Jengo hili lilikuwa limelala. Leo limesimama. Mafundi walilipwa na nani? Simenti na madirisha vilitoka kwa nani? Kwa huyu hapa. Papa Rubens Kyungu ametoa mali yake yote, yote kabisa, bila kudai kitu kwa muntu. Mupigieni makofi!"

Makofi yalipigwa hadi bandarini wakasikia. Vigelegele pia. Rubens aliinua mkono kuyazuia, watu wakafikiri anawapungia, wakaongeza.

"Subirini!" Papa Barthélemy akapenya katikati. "Na miye? Vyumba vyangu vinne? Nilinunua!"

Mama Annie akamgeukia kwa upole. "Papa alinunua vyumba vya chuo? Kwa nani? Papa aseme vizuri, tuwaite na wakubwa wa sheria wasikie."

Barthélemy akamtazama Rubens. Rubens akatazama paa. Mama mkwe akamvuta Barthélemy kwenye koti.

"Nilisema," akarekebisha Barthélemy, jasho likimtoka, "kwamba mabati ni zawadi yangu kwa vijana."

Akapigiwa makofi na yeye. Usoni alionekana kama mtu aliyekanyaga msumari kanisani.

Pasta alipomaliza kubariki, Rosine akapeleka godoro lake kwenye chumba cha mwisho, chenye dirisha kubwa, akafunga mlango, akaufungua, akaufunga tena, ili ausikie tu. Rubens alimfuata Mama Hélène hadi chini ya upenu.

"Mama. Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Miye ni muuzaji, Papa. Muntu mwenye kitu cha kuuza analia, anaapa, anasema ninamuua. Weye kila neno unaitika: sawa Mama, kubwa Mama. Nikajiambia, huyu hana kitu cha kupoteza hapa. Nikaenda biro kwa Mama Annie. Akataka kuita polisi. Nikamwambia aache. Polisi watakukamata, na ndagala zangu watazikamata vilevile, halafu Rosine atalala wapi? Tukapatana: mutoto wa muzazi atakayesaidia kusimamisha homu, njo atalala wa kwanza. Nusu niliyokupa ilikuwa imeshapotea. Nikaona heri ipotelee kwenye ukuta."

"Na ile nusu nyingine?"

"Nimelipa minerval. Resi ya malipo iko kwa Rosine."

Mvua ikaanza, nene, ya kweli, ikapiga mabati, na ndani wanafunzi wakapiga kelele za furaha kwa sababu haikuvuja popote. Hata Rubens, Mungu amsamehe, aliinua uso kusikiliza kama kuna mahali inavuja.

"Mama," akasema mwishowe, "sina nauli, sina ndagala, na kule sokoni siwezi kuonekana. Miye nitakwenda wapi?"

Mama Hélène akamtazama. Hakuwa na hasira. Alikaza kitenge chake kiunoni kama mtu anayetaka kuondoka, halafu akakumbuka kitu.

"Mama Annie anataka kuanza homu ya pili, ya vijana wanaume. Fondasyo bado. Wazazi wa Kiambi wamesikia habari zako, Injenyeri, wanakuulizia kwa jina. Wao hawana ndagala, ni wakulima. Wanasema wana magunia ya mahindi, lakini watayaleta siku wataona fondasyo."

Maji ya ukingo wa upenu yalikuwa yanamtiririka Rubens kutoka kwenye kaske hadi shingoni. Alisimama pale muda mrefu, anapigana na nafsi yake, na aliyemtazama alimwonea huruma. Kisha akasogea karibu, akateremsha sauti.

"Hayo magunia, Mama," akauliza, "ni makubwa namna gani?"